Miadi na Fukara: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii

Waheshimiwa Mabibi na Mabwana,

Naomba mniwie radhi kwa kuwaandikia hadharani jambo ambalo pengine lingetosha kuandikwa kwa faragha na kutiwa jaladani. Lakini mali mnayoigawa ni mali ya umma, na watu mnaowagawia hawana mlango wa kuingilia ofisini kwenu, basi nimeona ni aula hoja yao isomwe na kila mwenye macho, ili atakayeijibu aijibu mbele ya mashahidi. Sikuja kushitaki, wala sikuja kuomba nyongeza, ingawa nyongeza ingepokewa kwa mikono miwili. Nimekuja kusema jambo moja: kwamba manufaa makubwa kuliko yote ya fedha mnazozitia mikononi mwa kaya masikini za vijijini hayatokani na wingi wake, maana si nyingi, bali hutokana na kujulikana kwake, yaani mtu kujua zitakuja lini, zitakuwa kiasi gani na zitakoma lini, na kwamba kila tarehe inayoahidiwa na kuvunjwa huzinyang'anya fedha hizo ile sehemu yenye thamani kupita nyingine zote.

Mfuko wenu uliundwa mwaka 2000, na katika miaka yake ya mwanzo ulijulikana zaidi kwa madarasa, zahanati na visima kuliko kwa fedha taslimu. Mwaka 2010 mlianza kujaribu, katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, kuwapa watu fedha wenyewe. Mwaka 2012 ukazinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, na haikupita miaka mingi kaya zaidi ya milioni moja, za Bara na za Visiwani, zikawa zimeandikwa. Njia mliyoichagua ya kuwapata wahitaji naisifu bila kusita: jina la kaya hutajwa kwanza katika mkutano wa kijiji, au wa shehia kule Unguja na Pemba, mbele ya majirani wajuao ni nani hulala na njaa na ni nani hujifanya; kisha maswali huulizwa nyumba kwa nyumba, majibu hupimwa kwa hesabu, na orodha hurudi mkutanoni kuthibitishwa. Katika kipindi cha kwanza ruzuku ya msingi ya kaya ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, ikaongezwa nyongeza ndogo ndogo kwa ajili ya watoto, mahudhurio ya kliniki na mahudhurio ya shule, na kaya iliyostahiki kila nyongeza haikuvuka shilingi 38,000. Nazo zilikusudiwa kulipwa kila baada ya miezi miwili, katika kile ambacho watumishi wenu na walengwa wenyewe hukiita dirisha la malipo. Mwenye mshahara anaweza kuzitazama tarakimu hizo akatabasamu. Aliye na kaya ya watu saba na ekari moja ya mtama hatabasamu.

Iko dhana kongwe miongoni mwetu sisi tuliosoma na kula tukashiba, kwamba masikini hapangi. Kwamba akipata leo hula leo, na kesho humwachia Mungu. Dhana hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma. Fukara wa kijijini hupanga kuliko tajiri, kwa sababu tajiri akikosea hesabu hupungukiwa na raha, na fukara akikosea hupungukiwa na mtoto. Tazameni shamba la mkulima wa Chamwino, ambako mvua ni moja kwa mwaka nayo haiaminiki: hapandi mahindi peke yake, ijapokuwa ndiyo ayapendayo, bali hutia mtama na uwele, na kipande cha karanga au alizeti, ili mvua ikisaliti zao moja lisalitike hilo na jingine lisimame. Tazameni vilevile jinsi anavyotawanya watoto kwa jamaa wakati wa dhiki, jinsi anavyohudhuria kila mazishi na kila arusi, ili siku ya msiba wake asiwe mpweke. Huyo si mtu asiye na tadbiri. Ana tadbiri nyingi mno. Alichokosa ni kitu kimoja kisichotikisika cha kuzifungia.

Na kwa kukosa kitu hicho hulazimika kuiuza kesho yake kwa bei ya kutupa. Mkulima wa korosho wa Lindi au Mtwara anayempelekea korosho zake mtu wa kangomba, yule mlanguzi wa bei ya chini, kabla ya mnada, na mkulima wa kahawa wa Kagera anayeuza kwa butura ilhali buni ingali kijani mtini, hawafanyi hivyo kwa kutoijua bei. Wanaijua vizuri kuliko mimi na ninyi. Wanafanya hivyo kwa sababu mtoto anaumwa usiku huu, au karo ya aliye shule ya mbali imefika, na siku ya mnada bado iko mbali. Marufuku zimetolewa mara nyingi dhidi ya biashara hizo, nazo zinaendelea, maana hakuna marufuku iwezayo kumzuia mtu asiokoe leo yake kwa kuifuja kesho, ikiwa hakuna mlango mwingine. Mlango huo mwingine ndio mnaoushika ninyi.

Mwaka 2013 wataalamu waliowachunguza wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, huko India, walichapisha habari iliyowashangaza wengi: kwamba mkulima yuleyule, alipopewa majaribio ya akili kabla ya mavuno, mfukoni hamna kitu na madeni yamemzunguka, alifanya vibaya kuliko alivyofanya baada ya mavuno, fedha zilipokuwa zimeingia. Mimi si mtu wa kuamini kila kinachosemwa na wapima akili, na wako wasomi waliobishana juu ya jambo hilo. Lakini asiyeamini kwamba wasiwasi wa unga hula nafasi ambayo ingekaliwa na fikira nyingine, basi na asubiri mpaka unga umwishie.

Sasa naja kwenye ushahidi wetu wenyewe, ambao nashangaa kwa nini hamuutaji mara nyingi zaidi. Lile jaribio la 2010 lilifanywa kwa vijiji 80; 40 vilipata fedha na 40 vilingojea, na kura ndiyo iliyochagua, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba waliopata walikuwa bora tangu awali. Watafiti waliporudi kupima waliona kwamba kaya zilizopokea fedha zilikuwa na bima ya afya kwa wingi zaidi kuliko zile zilizongojea, kwamba zilikuwa na mifugo zaidi, hususan kuku na mbuzi, na kwamba watoto wao wenye viatu walikuwa wengi zaidi. Nawaomba mvisome vitu hivyo vitatu polepole, kwa kuwa kila kimojawapo ni kitu cha kesho.

Nianze na bima. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kujaribiwa Igunga katika miaka ya 1990, ulimtaka mtu wa kijijini alipe sasa, fedha taslimu, kwa ajili ya ugonjwa ambao haujaja na ambao pengine hautakuja. Kwa mtu aliyezoea kuuza debe la mahindi siku homa inapopanda, kulipia homa ya mwezi usiojulikana ni mapinduzi ya fikira, na mapinduzi hayo hayakuletwa na hotuba. Hotuba za bima zilikuwapo kabla ya fedha, na watu walizisikiliza, wakapiga makofi, wakaenda zao. Kweli mpango ule uliwataka wapokeaji waende kliniki, na mtu atasema kwamba walikata bima ili sharti lisiwe ghali. Na iwe hivyo. Hata huyo aliyekata bima ili sharti lisiwe ghali amekwisha kupiga hesabu ya miezi ijayo, na kupiga hesabu ya miezi ijayo ndiko tunakozungumzia.

Viatu nitavipita haraka, nikisema tu kwamba mtoto mwenye viatu hapati minyoo na vidonda kwa wepesi ule, na kwamba mzazi hanunui viatu siku anayotafuta chumvi. Lakini kuku ataka kukaliwa kitako. Wako waheshimiwa mjini wanaocheka wakisikia kwamba fedha za Serikali zimekwenda kununua kuku, kana kwamba kuku ni kitoweo tu. Kijijini kuku ni akiba inayotembea: jogoo mmoja ni daftari na kalamu za muhula, mitetea miwili ni sare ya shule, na aliyefuga wakazaa huvuka daraja akanunua mbuzi, na mbuzi ndiye atakayeuzwa siku mtoto atakapofaulu kwenda sekondari. Elimu bila ada tuliyoanza kuipata mwaka 2016 ni fadhila kubwa, lakini haivishi sare wala hainunui daftari. Na kuku huyo ana adui mmoja mkubwa, naye ni kideri, ugonjwa unaoweza kufagia banda zima kwa wiki moja. Kinga yake ni chanjo ya bei ndogo, bali chanjo hiyo hutakiwa kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na tena hununuliwa kwa chupa inayotosha kuku wengi, hata majirani hulazimika kuchangishana na kupatana siku. Ni nani awezaye kupatana siku na jirani yake ikiwa hajui siku yake mwenyewe? Mama anayejua kwamba dirisha hufunguliwa wiki fulani ya mwezi fulani huwachanja kuku wake kwa wakati. Na asiyejua hununua kuku kwa furaha, akawazika kwa huzuni, kisha akaambiwa na afisa mgeni kwamba hana moyo wa maendeleo.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Sisi watu wa mwambao tunaijua maana ya jambo lijalo kwa wakati wake, kwa sababu biashara yote ya baba zetu ilisimama juu yake: majahazi ya Oman, ya Ghuba na ya Bara Hindi yalishuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na tajiri wa Muscat aliweza kumkopesha mtu wa Lamu au Unguja bidhaa za mwaka huu kwa malipo ya mwaka ujao, si kwa sababu kaskazi ina nguvu kuliko pepo nyingine, bali kwa sababu huja katika miezi yake. Tufani ina nguvu zaidi, na hakuna aliyepata kufanya biashara kwa kuitegemea tufani.

Jirani zetu wa Kenya wamelipima jambo hili kwa namna ambayo sijaona mfano wake. Shirika la GiveDirectly, katika jaribio lililoanza kwa ukamilifu mwaka 2018 katika kaunti za Siaya na Bomet, liligawa vijiji 295 mafungu manne: vijiji 44 watu wake wazima wakaahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12, vijiji 80 wakaahidiwa malipo hayohayo kwa miaka miwili, vijiji 71 wakapewa mkupuo mmoja, na vijiji 100 havikupewa kitu, ili viwe kipimo. Malipo ya mwezi yalikuwa shilingi 2,250 za Kenya, yakipitia katika simu. Baada ya miaka miwili hivi, yaani wakati ambapo mtu wa fungu la kwanza na mtu wa fungu la pili walikuwa wamekwisha kupokea sawasawa, shilingi kwa shilingi, watafiti walikwenda kutazama, wakaona hawakuzitumia sawasawa. Wale walioahidiwa miaka 12 walikuwa wameanzisha biashara zaidi na kuweka akiba zaidi; wengi walijiunga katika vyama vyao vya kuchangiana, vile ambavyo huku kwetu huitwa upatu au mchezo, ili vijito vidogo vya kila mwezi vigeuke kuwa kisima kimoja cha kununulia kitu kikubwa. Waliopewa mkupuo nao walifungua maduka na kupanua biashara. Aliyesogea kidogo zaidi katika biashara ni yule wa katikati, aliyepewa kidogo kidogo kwa muda mfupi.

Yatafakarini hayo, waheshimiwa. Fedha zilikuwa zilezile, kijiji ni cha aina ileile, mvua ni ileile. Kilichotofautiana ni ahadi juu ya wakati ambao haujafika. Nabii Yusufu, ambaye habari zake zimo katika vitabu vyote tunavyovisoma nchi hii, asingaliweza kuiandalia Misri ghala hata moja kama asingalijulishwa idadi ya miaka: saba ya neema na saba ya ukame. Mlengwa wetu hajulishwi. Yeye ni wa fungu la katikati, na hali yake ni duni kuliko ya wenzake wa Kenya, kwa kuwa wao walau waliambiwa kwamba ni miaka miwili.

Na ahadi ikivunjwa hutokea nini? Ghana ilianzisha mwaka 2008 mpango uitwao LEAP, wenye nia njema kama wa kwetu, na ulipofanyiwa tathmini kati ya 2010 na 2012 ilionekana kwamba malipo hayakuja kwa mpangilio: miezi mingine hayakuja kabisa, kisha mwaka 2012 yakaja ya nyuma yote kwa pamoja. Kaya zilizoyapokea zililipa madeni, zikaweka akiba kidogo, zikawakumbuka jamaa zao kwa zawadi. Lakini matumizi yao ya kila siku, yaani chakula na mahitaji, hayakuongezeka kwa kiasi cha kupimika. Siwalaumu watu wale. Fedha ijayo kama bahati hutumiwa kama bahati, na mwenye busara akiiokota hulipa kwanza anachodaiwa, kwa sababu hajui kama ataiokota tena.

Kwetu madhara ya kuchelewa yana sura ambazo hazionekani katika taarifa za robo mwaka. Kina mama wengi waliomo katika mpango, nao ndio wapokeaji wengi, wameunda vikundi vya kuweka na kukopa: sanduku moja la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, hisa za kila wiki, na mwisho wa mwaka kugawana. Dirisha likichelewa, hisa hazinunuliwi, waliokopa hawarejeshi, faini hulimbikizana, na wale ambao kaya zao hazimo katika mpango, lakini walijiunga kwa kuwaamini wenzao, huanza kunong'ona. Halafu yupo mwenye duka. Siku za malipo zikijulikana, hukopesha unga kwa bei ya watu wote, maana anajua atalipwa. Zisipojulikana hufunga daftari, au huliacha wazi kwa bei yake mwenyewe, na mlengwa hufika mezani kwa mlipaji akiwa na deni linalozidi ruzuku. Mbuzi aliyekuwa akisubiri kuuzwa kwa ajili ya shule ya Januari huuzwa Oktoba, akiwa mwembamba, kwa mnunuzi aliyekwisha kusikia kwamba malipo yamekwama.

Juu ya pombe na uvivu sitasema mengi. David Evans, aliyekuwa mmoja wa wachunguzi wa lile jaribio letu la 2010, pamoja na mwenzake Anna Popova walikusanya tafiti 19 za nchi mbalimbali kuhusu kama wapewao fedha huzipeleka kwenye pombe na tumbaku, wakaona kwamba, kwa jumla, matumizi ya vitu hivyo hayapandi, na aghalabu hushuka. Anayetaka kuendelea na hadithi ya mlevi wa ruzuku aendelee nayo barazani. Isiingie tena katika mijadala ya bajeti.

Ninayoyaomba si mageni, wala hayahitaji sheria mpya. La kwanza ni kalenda. Brazil, ambayo ilianzisha mpango wake wa Bolsa Família mwaka 2003, hulipa kaya mamilioni kwa kawaida katika siku kumi za kazi za mwisho wa mwezi, na siku ya kila kaya hufuata tarakimu ya mwisho ya namba yake ya usajili; kalenda ya mwaka mzima hutangazwa mapema, hata bibi asiyejua kusoma huijua siku yake, maana ni tarakimu moja tu ya kukariri. Sisi tuna namba za walengwa, tuna mbao za matangazo kwenye ofisi za vijiji na shehia, tuna redio zinazosikika hadi mashambani, na tuna simu ambazo sehemu ya malipo yenu hupitia. Chapisheni mwanzoni mwa mwaka tarehe za madirisha yote sita, wilaya kwa wilaya. Na pale Hazina itakapochelewesha, semeni mapema kwamba itachelewa na ni kwa muda gani, badala ya kunyamaza mpaka watu wajitungie sababu. Taarifa mbaya iliyowahi ni bora kwa mtu wa hesabu kuliko njema iliyochelewa.

Tena kalenda hiyo isiwe moja kwa nchi nzima. Dodoma na Singida hupanda mwishoni mwa mwaka, na njaa yao hukaza kati ya Januari na Machi, wakati uleule ambao shule zinafunguliwa. Tanga na Pwani wana vuli na masika, na dhiki yao ina miezi yake mingine. Shilingi 20,000 inayofika wiki mbili kabla ya mvua ya kwanza ni mbegu, na ileile ikifika wiki mbili baada ya mvua hiyo ni unga tu, kwa kuwa mbegu imekwisha kukopwa kwa yule atakayelipwa kwa mazao. Kadhalika ajira za muda, ambazo katika kipindi cha kwanza mlizilipa shilingi 2,300 kwa siku kwa siku 60 za mwaka, zilikusudiwa ziwe za miezi ya dhiki ili mtu asiache shamba lake akalime la mwenzake kwa kibarua. Ujira huo ukifika wakati wa mavuno, kusudio zima limepinduka, maana mtu amekwisha kulima la mwenzake, na lake limeota magugu.

Jambo ambalo naliona zito kuliko kalenda ni mwisho. Mnasema kwamba kaya huhitimu, na ni haki ihitimu, kwa sababu mali ya umma haitoshi kumlea mtu milele na yuko mwingine anayengoja nje ya orodha. Lakini kuhitimu bila kuambiwa siku ni kufukuzwa. Mtu ajuaye kwamba amebakiwa na miaka miwili hununua mbuzi jike badala ya bati, au bati badala ya kitanda, kwa hiari yake na kwa hesabu zake. Asiyejua huamka siku moja akakuta jina lake halimo, na miradi yake yote iko nusu: banda halijaezekwa, kikundi kinamdai, na mtoto yuko kidato cha pili. Wapeni walengwa, kwa maandishi na kwa sauti mbele ya mkutano, muda wao wote tangu siku ya kuandikwa, na mkiwapima upya baadaye, waambieni matokeo angalau miaka miwili kabla ya malipo ya mwisho. Miaka miwili ni misimu miwili ya kulima, au minne kwa wenye vuli na masika. Chini ya hapo hakuna mkulima awezaye kugeuza chombo.

Lipo na la kiasi. Makato yanayotokana na masharti ya shule na kliniki mimi siyapingi, ila mlengwa hupewa fedha pungufu, na akiuliza huambiwa ndivyo zilivyokuja. Mwandikieni kwenye kikaratasi: kimekatwa hiki, kwa mtoto huyu, kwa mwezi huu; naye ajue la kurekebisha kabla ya dirisha linalofuata. Na wakati mkiwa katika shauri hilo, wakemeeni tena, kwa ukali zaidi ya mlivyokwisha kukemea, wale viongozi wa vijiji wanaokaa karibu na meza ya mlipaji wakiwa na daftari la michango, wakidai mchango wa choo cha shule, wa ofisi, wa mwenge, kwa mtu aliyeshika noti dakika hiyo. Michango ni wajibu, na mlengwa naye ni raia kama wengine. Lakini kumvizia siku hiyo na mahali hapo ni kumwambia kwamba fedha ile si yake kamili, na mtu hawezi kupanga na fedha isiyo yake.

Najua mtajibu kwamba ninyi si Hazina, kwamba wafadhili wana taratibu zao, na kwamba fedha za nje huja kwa zamu zisizotabirika. Yote hayo huenda ni kweli, ila nawakumbusha kwamba mishahara ya watumishi wa umma nayo hutoka katika Hazina hiyohiyo, na sijasikia afisa aliyeambiwa aishi miezi kwa kukisia. Kama inawezekana kutenga kando, mwanzoni mwa mwaka wa fedha, kiasi cha dirisha moja tu ili kiwe akiba ya kuziba pengo la mfadhili aliyechelewa, kitengeni. Na kama haiwezekani, ikiwa iko sababu ya hesabu au ya mikataba inayozuia, basi itajeni hadharani kama nilivyowaandikia hadharani, mkimtaja na mwenye uwezo wa kuiondoa, ili barua ya pili niielekeze kwake.

Wasalaam,

Mwenye kuwaheshimu,
Mwananchi wa Pwani